Kikombe cha Oili kwenye Ndiva

Songea,
Jumatano, baada ya vipindi

Mpendwa baba,

Oili iliyoingia kwenye ndiva, bwawa letu la maji ya mashamba, mwaka jana haikutoka kwenye gari lako. Niliimwaga mimi, kwa mkono wangu, kikombe kimoja cha bati. Hakuna mtu ninayemjua aliyewahi kulisikia neno hili, si mama, si mchungaji, hata Nuru tunayelala naye kitanda kimoja cha juu na chini hapa bwenini. Nimeanza nalo kwa sababu ninavyojijua, nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe.

Sasa shikamoo, baba. Mama hajambo? Bibi anaendeleaje na kifua chake? Na mvua zimefika Vudee, au bado mnatazama mawingu yanawapita? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku asubuhi ni kama ya kwetu, kwa hiyo sweta alilonifumia bibi silivui. Chakula nakila, ila siku ya makande huwa nasikitika, wanayatoa jikoni mahindi bado yanagonga meno. Masomo yanaendelea. Hayo ndiyo ya salamu.

Unakumbuka yale mashindano ya mazingira nilipokuwa kidato cha nne. Mada ilikuwa gari dogo la petroli na gari la umeme, lipi linaumiza mazingira zaidi, na kila mwanafunzi aandike kwa Kiingereza na alete picha ya ushahidi kutoka anapoishi. Nilichagua kulitetea la umeme, ingawa sikuwahi kuliona hata moja. La petroli lilikuwepo nyumbani.

Nililizunguka gari lako siku mbili nimeshika simu ya mama. Nilitaka moshi, lakini ulikuwa umesafisha plagi wiki ile ile, na moshi uliotoka haukuonekana kwenye picha. Nilitazama chini ya injini, pakavu. Ukanikuta nimechuchumaa kwenye tairi ukaniuliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikasema hereni. Ukaacha magunia yako ya maharage, ukapiga magoti kunisaidia kuitafuta, na hereni nilikuwa nimeivaa chini ya kitambaa cha kichwa.

Siku ya tatu nilikwenda nyuma ya jiko kwenye lile debe. Wewe hukuwahi kumwaga oili chafu hata tone, uliikinga kwenye beseni, ukaihifadhi debeni, ukapaka nguzo za banda la mbuzi zisiliwe na mchwa. Nikachota kikombe. Nikaenda mferejini, pale juu kidogo ya ndiva ambapo gari lilikuwa linalala, nikamimina. Baba, ilipendeza. Maji yalitoka rangi ya zambarau na kijani, yakawa yanajikunjua kama kitenge. Nikapiga picha, na tairi mbili za mbele zikaonekana nyuma yake. Nilidhani itapita tu na maji. Sikufikiri kwamba maji yale yanakwenda kusimama.

Chini ya picha niliandika kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo kazi inayofanywa kila siku na gari dogo la petroli kijijini kwetu. Niliandika bila kusita. Nadhani kwa Kiswahili nisingeweza, ningesikia kama nakusema mbele yako. Kwa Kiingereza ilikuwa kama ni gari la mtu mwingine.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Acha niyaseme kwa upande wangu.

Wewe ndiye uliyekuwa unafungua ndiva kila alfajiri, maji yaliyojikusanya usiku kucha yashuke mashambani kwa zamu za watu, kama babu alivyofanya kabla yako. Siku ile ulirudi hujafungua. Ulisimama mlangoni ukamwambia mama kuna mafuta juu ya maji, ukanawa mikono mara mbili, ukaenda mwenyewe kumwita Mzee Togolani, katibu wa kamati ya maji. Hakuna aliyekutuma. Kama ungetaka kunyamaza ungefungua tu maji yakaenda.

Kamati ikaamua ndiva yote imwagwe korongoni. Kiangazi kile, baba, maharage ya mashamba ya chini yakiwa kwenye maua. Mimi nilikuja kwenye msaragambo wa kijiji kizima kuisafisha, nikabeba tope kwenye karai pamoja na wasichana wenzangu, na kila aliyesema "huyu aliyetufanyia hivi" nilikuwa naitikia. Niliitikia, sikunyamaza. Zamu mbili za maji zilipita bila maji, na maua ya maharage ya Mama Elia, jirani yetu, yakakauka yakawa kama karatasi ya sigara.

Kwenye mkutano, nje ya kanisa, Mama Elia ndiye aliyesimama kwanza. Alisema walishasema tangu zamani gari lisilale juu ya maji ya watu. Halafu akasema, "Eti dereva. Dereva gani hajui gari lake linakojoa wapi?" Watu wakacheka, hata mchungaji aliinamisha kichwa kuficha meno. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, karibu na mama, na simu yenye ile picha ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake, imenigusa paja. Ukasimama. Kofia umeishika mkononi. Ulisema umelikagua gari hujaona linapovuja. Nilifikiri utaishia hapo. Ukasema, "Lakini gari hapa ni langu peke yangu. Kama limevuja, nimevuja mimi."

Wakati ule ndio ulikuwa wa kusema. Nilifungua mdomo, nakuapia. Mama akadhani napiga miayo, akaniambia nifunike mdomo mbele za watu.

Wakakuondoa kwenye kazi ya ndiva, wakakunyima zamu mpaka mvua, na gari wakasema lisipande tena, lilale chini barabarani. Kwa wiki nzima kabla hujalishusha nilikuwa nakuona kila asubuhi unatoa boksi ulilolitandika chini ya injini, unalipeleka kwenye mwanga na kuligeuza. Halikuwa na doa. Unalirudisha. Ulianza kuniuliza mimi mwenye macho mazima kama naona kitu. Nilikuwa nasema sioni, na hilo peke yake ndilo neno la kweli nililokuambia mwaka ule.

Halafu barua ya ushindi ikaja, na ufadhili wa kuja kusoma huku. Hukuwahi kuomba kuiona picha, ulisema ya Kiingereza hayo utaniachia mwenyewe. Siku uliponisindikiza stendi ya Same nilikuwa sikutazami usoni, na ukadhani unajua kwa nini. Uliinama dirishani ukaniambia kwa sauti ndogo, "Usinionee aibu kwa ile oili, mama. Ni gari tu." Basi likaondoka. Nililia mpaka Korogwe, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa chungwa akisema wote hulia mara ya kwanza.

Huku nimejifunza yale ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kuandika. Mwalimu wetu wa Jiografia anaitwa Madam Rehema, mkali lakini anasikiliza. Muhula huu alituambia tuanze mwanzo wa kila gari, si barabarani. Madini ya betri ya gari la umeme yanachimbwa ardhini, yanaoshwa kwa maji mengi na kuchomwa kwa moto mkubwa, kwa hiyo gari hilo linatoka kiwandani likiwa limeshachafua kuliko dogo la petroli. Na ni zito, tairi zake zinalika na kutoa vumbi lake. La petroli linatoka jepesi, halina hatia kubwa, ila tangu siku hiyo linatoa hewa chafu kila linapowashwa mpaka life. Deo, anayekaa nyuma yangu na ambaye hakosi neno, akasema, "Sasa madam, si bora tutembee na punda?" Madam akamwambia punda naye anajamba, na hewa hiyo nayo inahesabiwa. Darasa lilicheka dakika nzima.

Jibu alilotupa halikuwa la mkato. Likitembea sana, la umeme mara nyingi linaishia kuwa safi zaidi, na hasa pale umeme unapotoka kwenye maji au jua. Lakini dogo la petroli linalotunzwa, likatumika miaka mingi na kwa safari chache, si la kutukanwa hivyo. Niliinua mkono, jambo ambalo sifanyi, nikauliza, "Na oili?" Akasema la umeme halina oili ya injini ya kumwaga, hiyo ni sifa yake. "Ila oili inategemea mwenye gari. Anayeikinga na kuihifadhi, haijamdhuru mtu." Nikakaa chini.

Ningeweza kuuandika ukweli, baba. Moshi wa gari lako upo hata usipoonekana kwenye simu, na ningeusema tu hivyo. Labda ningeshinda, labda nisingeshinda, ila ndiva ingekuwa na maji yake.

Na kuna kitu kimoja nilitamani ukisikie siku ile ile. Madam alitupeleka kuona bajaji ya umeme mjini, nikamsikiliza fundi akieleza kwamba ikiteremka mlima, tairi zinazungusha mota na umeme kidogo unarudi kwenye betri. Nikakuwaza wewe. Wewe unateremka Same na magunia yote ya watu, na unapanda na gari karibu tupu. Wengine wote wanapanda na mzigo, wewe mzigo ungekuchajia betri. Nilimwambia fundi, akaniuliza baba yako ana njia gani hiyo, nikamweleza kona zote mpaka chini, na nilikuwa naongea kwa sauti ya kawaida kabisa, wenzangu wakageuka kunitazama kwa kuwa hawajazoea kunisikia. Nilitaka kukupigia. Halafu nikakumbuka kwamba siku hizi huteremki na gari kutoka nyumbani, unateremsha magunia kwa mgongo mpaka lilipo.

Jumapili mama alinipigia kwenye simu ya matroni. Matroni alikuwa amesimama pembeni kwa hiyo sikusema mengi. Mama akaniambia goti lako limevimba, usiku unalikanda kwa maji ya moto, na kwamba umekataa kwenda hospitali kwa sababu ni kupanda na kushuka tu. Alisema kama habari ya kawaida, akaendelea na za kuku.

Siku iliyofuata Madam Rehema akaniambia picha yangu imekuzwa, itatundikwa ukumbini Jumamosi wageni wa wafadhili wakija, na mimi nitasimama pembeni yake nihutubie. Nimeiona. Ni kubwa kama mlango. Zile tairi zako mbili zinaonekana mpaka kashata za mpira wake, na jiwe unalozuilia gurudumu.

Sijui watanifanya nini. Labda ufadhili utaondolewa, na nitarudi nyumbani kabla ya likizo, mtaniona tu naingia na sanduku. Nimelifikiria hilo siku nyingi na ninaliogopa, siwezi kusema siliogopi. Lakini kila nikifika pale ninapoogopa nakuona umeshika lile boksi unalitafuta doa kwenye mwanga.

Naomba unisamehe, baba. Sikuombi uniambie ni jambo dogo. Najua utataka kusema hivyo.

Mwambie mama anisamehe kwa simu yake. Nisalimie bibi, mwambie sweta linanitosha bado. Mdogo wangu Kiangi aendelee na hesabu, asikubali kufanyiwa. Mjomba wa Same mwenye duka la vipuri, uliyemsumbua kwa sili ya injini mara tatu, mwambie zote alizokupa zilikuwa nzima. Na Mama Elia umwambie nitakuja kumlimia msimu mzima, shamba lote la chini, na asinizuilie maneno yake makali.

Kitu cha mwisho. Barua hii ina mwenzake. Ya pili nimemwandikia Mzee Togolani na kamati, nimeeleza yote na kuomba aisome mkutanoni, pale pale nje ya kanisa. Nimeituma jana asubuhi kwa mama wa jikoni aliyeshuka posta mjini, kwa hiyo itafika kabla ya hii. Nimefanya hivyo makusudi. Nakujua, baba. Ungeipata hii peke yako ungeikunja, ukaiweka ndani ya Biblia, ukaendelea kuteremsha magunia kwa lile goti ili mimi nisome. Sasa hutaweza.

Nasikia viatu vya Madam Rehema koridoni, anakuja kuchukua hotuba yangu ya Jumamosi. Siku nne hizi kila nikisikia hatua nimekuwa nasukuma karatasi hizi chini ya godoro, hata zimekunjika pembeni kama unavyoona. Hotuba sijaandika. Amefika mlangoni, amegonga. Nimesema karibu, na karatasi zipo mezani, zimeangalia juu.

Ni mimi mwanao,
Nakundwa