Templeti Yangu Inanizuia Kwenda Kujifungua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana usingizi umenitoka na mimba ni ya miezi minane. Naandika programu katika kiwanda cha nguo hapa Thika, na mwaka jana nilitengeneza templeti kwa lugha ya programu ya C++, yaani ghala moja ndani ya kompyuta linaloweza kuweka kitu cha aina yoyote utakayolitajia, iwe nyuzi, vitambaa au vipuri vya mashine, ili tusiandike kazi ileile mara kumi, na nilijivuna sana, lakini kila saa ya chai mtu wa idara fulani alikuja na ombi lake, huyu anataka kupanga kwa rangi, yule kwa uzito, na mimi siwezi kumkatalia mtu aliyeninunulia mandazi, nikawa naongeza nafasi moja ya kujazwa, kisha nyingine, mpaka sasa ukitaka kuweka hata vifungo lazima utaje mambo sita kwa mpangilio, na ukikosea moja skrini inajaa makosa ambayo hata mimi nayaogopa.

Juzi Zahra wa tawi la Ruiru alikuja mwenyewe akaniuliza, "Tabby, hii kitu inataka nini kwangu? Si nimeiambia ni vifungo." Mulei wa hapa ameacha kabisa kuitumia, kila kitu anakiandikia ghala lake. Sasa meneja, Bwana Gerishon, amesema siendi likizo mpaka hao wawili waweze kuitumia bila mimi. Naogopa uchungu utanishika nikiwa kwenye kompyuta. Na kusema kweli, napenda wanaponihitaji. Nifanye nini?

Tabby, Thika

Tabby, pole, lakini nitakugombeza kidogo. Nilifundisha programu kabla ya kuja gazetini, na ugonjwa wako naujua. Uliwafurahisha wote walioleta mandazi, ukamsahau anayetaka kuweka vifungo tu.

Kaa na Zahra leo. Kabla hujagusa chochote, mwambie aandike mstari mmoja jinsi angependa kuliagiza hilo ghala. Atataja vifungo, basi. Mstari huo ndio ufanye kazi. Yale mengine matano yape majibu ya kawaida humohumo ndani, yatumike mtu asipotaja kitu, na linalobadilishwa mara nyingi litangulie. Kompaila yenu, ile inayogeuza maandishi yako kuwa programu, ikiyakataa, wape watu majina mafupi yaliyo tayari, kama GhalaLaNyuzi. Kisha andika juu ya faili, kwa lugha ya binadamu, kwamba kitu kinachowekwa lazima kiweze kunakiliwa na kulinganishwa na mwenzake. Mulei naye usimnunie. Muulize alikwama wapi, kisha umsikilize vizuri akijibu.

Bwana Gerishon mpelekee tarehe ya daktari kwa maandishi. Likizo ya kujifungua ni haki yako, haingoji templeti ya mtu.

Na hilo la kupenda kuhitajiwa, mama, kuna mtu yuko njiani atakayekuhitaji mchana na usiku. Hao wengine waachilie. Wakija kukuona wodini waje na uji kwenye thamosi, wasije kuuliza vifungo vinawekwaje.