Kijana wa Kapeti Mbichi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Bosi wangu Mwas ameniachia kapeti zote tena hapa kwa car wash. Eti mgongo unamuuma. Mgongo! Kazi yake ni kupokea magari na kupiga stori na Ruiru nzima. Ya mwisho ilikuwa nyekundu, nzito kama ng'ombe, imeletwa na boda kutoka Thika. Katikati imefumwa picha ya kijana kando ya kisima. Nikamwaga maji, nikatia sabuni, nikamsugua uso. Akapiga chafya.

Akatoka! Mtu mzima, kanzu inadondosha povu. Nikarusha brashi, nikaita Yesu. Akasema salama, jina lake Safwani, na nimemtia sabuni machoni.

Analalamika! Yeye!

Jumanne, 4 Machi
Sikuota. Mwas alipoenda kula nimeilowesha tena, akatoka tena. Kuna malkia mchawi alimtaka, akamkataa, ndiyo akamfuma ndani ya kapeti. Ikiwa mbichi yuko nje. Ikikauka anarudi. Nikauliza huyo malkia alikuwa mrembo? Akaanza kueleza, tena vizuri — jua likawaka, akapotea katikati ya sentensi. Nimebaki nimekodolea macho waya wa kuanikia. Haki, wanaume!

Ijumaa, 7 Machi
Mifereji imekauka Ruiru. Nimebeba mitungi kutoka kwa jirani mpaka mabega yanawaka. Mwas anauliza hiyo kapeti inaoshwa wiki nzima kwani ina dhambi. Nikasema ina doa.

Safwani anaogopa boda boda. Mtu aliyepigana na ndege anayebeba ndovu! Hiyo hadithi pia hajaimaliza.

Leo ameona vidole vyangu vilivyochubuka na sabuni. Akavishika, akavipuliza. Mimi nikajifanya nakunja paipu.

Sitaki. Naandika hapa, sitaki! Msichana mwenye akili hapendi kapeti.

Jumapili, 9 Machi
Mvua imeanza tukiwa kanisani. Kapeti iko nje kwa waya! Nimetoka kabla ya sadaka, pasta akinitazama. Nimemkuta Safwani amekaa juu ya tairi kuukuu, amelowa chepechepe, ananingoja. Tumekaa. Nimembusu. Ama ni yeye. Kisha jua. Jua la nini sasa?

Jumatano, 12 Machi
Mwas ameamua kapeti irudishwe kwa mwenyewe. Nimebishana mpaka akaniuliza kama nataka kuiiba. Nimeipeleka Thika, Makongeni. Mwenyewe ni shosho mmoja, bibi kizee Wangechi, macho makali. Sijamaliza kusalimia, akauliza, "Kairitu, msichana wangu, umeshampenda?"

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Anasema babake alimletea hiyo kapeti kutoka Mombasa akiwa msichana. Akampenda Safwani. Akaolewa na mwingine, akazaa, akaendelea kuilowesha kwa siri. Halafu akaacha. "Mimi nilizeeka, yeye hakuzeeka," akasema. "Na alikuwa akiniangalia vile vile. Hiyo ndiyo iliniuma."

Sasa anaumwa. Watoto wake wataifanya ya kupangusia miguu. Ndiyo akaituma ioshwe, labda apatikane mtu. Kuna fundo kwenye kona. Likifunguliwa na anayempenda, laana inaisha. Ama Safwani ataishi kama watu wengine, ama miaka yote itamwangukia mara moja. Hakuna anayejua. Shosho aliogopa kulifungua.

Amenirudishia kapeti. Nimefika kazini nikaimwagia maji kwa hasira. Mbona hakuniambia kuhusu Wangechi?

"Hukuniuliza."

Hukuniuliza!! Nilitafuta brashi nimpige nayo. Kisha akasema polepole kwamba alimwomba Wangechi alifungue, naye akawa analia tu, basi akaacha kumwomba. Nikamuuliza mbona mimi haniombi. Kapeti ikakauka, akarudi ndani.

Jumamosi, 15 Machi
Kwa shosho, uani. Nimeilowesha mbele yake. Safwani akapiga magoti. Shosho akajifunika uso na leso, akasema usiniangalie, nimekuwa mzee. Safwani akaitoa hiyo leso taratibu.

"Umefika mahali mimi nimekatazwa kufika, Wangechi. Nakuonea wivu."

Kisha akanigeukia. Anataka kuzeeka, hata kama ni kwa siku moja. Nikasema hapana. Shosho akasema mimi pia nilisema hapana, kairitu, nikapata nini? Nikasema hapana tena, nikalia, nikaishika hiyo kona.

Fundo limebana kwa maji. Na kucha nimezikata jana! Nimetumia meno. Uzi wa kwanza umetoka, Safwani akashika tumbo, akaguna. Nikaacha mbio mbio. Unaumwa?

Hapana. Ni njaa! Hajasikia njaa tangu siku za malkia. Anacheka kama mtoto. Shosho ameingia jikoni kupasha githeri, namsikia anavuta kamasi.

Naandika nikipumzisha meno. Uzi uliobaki ni mmoja. Kapeti imeanza kukauka pembeni, na kwenye mkono wake wa kushoto ngozi imejikunja kidogo karibu na kidole gumba. Ni baridi ya maji ama ni miaka? Nimemuuliza. Hajui. Anasema nikiogopa nilete maji, niiloweshe kapeti tena, atakaa vile nitakavyo, hatanilaumu.

Angenilazimisha ningekataa. Halazimishi! Amekaa tu hapo juu ya ndoo, anasikiza sufuria kama mtu anayesikiza muziki.

Naweka kalamu chini, narudi kwa fundo.