Mafuta Niliyoyatia kwenye Landrova ya Papa

Kampala, Jumapili baada ya misa

Papa,

Yezu asifiwe hapo nyumbani. Naanza kwa kuuliza miguu ya Mama: bado inavimba jioni? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa.

Barua yako imefika. Unasema fundi wa hapo Butembo ameitilia ile Landrova tuliyoiacha mlimani diski mpya, na nirudi niiendeshe mimi, kwa sababu kaka yangu Paluku "anajua kuua ambreyaje tu". Papa, niliposoma hapo niliona haya.

Hapa garaje tunafufua Landrova kuukuu ya mwalimu mmoja mstaafu. Mlimani ilikuwa inanguruma tu, haisogei. Tukaiwekea diski mpya ya ambreyaje, huku wanaiita klachi: asubuhi ikaenda, mchana ikagoma. Tukatoa hewa kwenye mrija, bure. Mwishowe nikafungua pompi ya ambreyaje, ile inayosukuma mafuta unapokanyaga. Vipira vya ndani vilikuwa vimevimba kama maharagwe yaliyolala majini, vimeziba njia ya mafuta kurudi. Hata ukitoa mguu, ambreyaje inabaki imekanyagwa.

Patron wetu mwenye garaje, mtu wa Beni, akavinusa. "Nani alitia humu mafuta ya moteri? Ile inaharibishaka mipira!"

Nilitoka nje nikakaa juu ya tairi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wiki moja kabla hatujakimbia Eringeti, uliniambia nikague gari. Pompi ile hutumia mafuta ya freni, ya breki, nayo hayakupatikana tena, vita vilikuwa vimefunga barabara. Nikatia ya moteri, yale ya injini, nikakuambia, "Papa, iko muzuri." Nilijiambia mafuta ni mafuta.

Kisha ule mlima wa kuingia Butembo, Paluku yuko usukani, moteri inalia, gari imesimama, nawe unafoka: "Paluku! Kila siku nakuambia toa muguu ku pedale! Ona, umeunguza ambreyaje!" Tukaiacha pale na cherehani ya Mama ndani. Mama akatembea hadi mjini kwa miguu yake ile. Mimi nilibeba godoro, la mafuta sikulitaja. Tangu hapo Paluku, mzaliwa wako wa kwanza, amenyimwa funguo, anasukuma mizigo ya watu kwa baiskeli.

Kosa ni langu, Papa. Nisamehe, na Mama anisamehe.

Sirudi kuchukua funguo. Mpe Paluku, mbele ya shangazi Masika aliyesikia ukimfokea. Lakini asiiwashe kwanza: vipira vilivyovimba bado vimo, na mlimani itamwaibisha tena. Vipya nimevifunga katika kitambaa, vimo humu ndani ya bahasha. Muoshe mrija wote, mtie mafuta ya freni peke yake.

Msalimu Mama, shangazi, na katekista wetu anayekusomea barua hii, asiruke neno.

Lililo zito nimelibakiza. Siku ile natia mafuta, Paluku ndiye aliyenishikia boneti. Aliona bidoni, lile dumu la mafuta ya moteri. Pale mlimani ulipomfokea, aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa. Hajanitaja hadi leo.

Mwanao,
Kambale