Chumba cha Shosho Yako

Mercy mjukuu wangu, sasa! Huku Kware tuko poa, mama yako amepata kibarua kwa kiwanda, anawasalimia wote hapo nyumbani. Najua unacheka kijana kama mimi akikuita mjukuu, lakini shosho yako Rose, bibi yako mzaa mama, alikuwa dada yangu, so mimi ni babu. Heshimu!

Umeniuliza kama Korona ilimuua juu ya kuwa mdhaifu. Mdhaifu? Huyo alikuwa anapandisha maji mpaka ghorofa ya tano na bado anatutania! Alikuwa anafulia Mama Teddy nguo kule Umoja, wote wawili wakashikwa na Korona wiki ile ile. Mama Teddy akajifungia chumba cha juu, chakula anawekewa mlangoni. Sisi nesi akatuambia kwa simu, "Mgonjwa akae chumba chake peke yake."

Rose akaitikia kutoka kitandani, "Mwambie niko nacho!"

Alimaanisha nyuma ya pazia. Kwetu pazia ni ukuta kabisa, hata mtoto hupiga hodi. Tulikuwa watu sita, chumba kimoja na dirisha moja. Sote tukaugua, yeye akatuacha.

Juzi nimemwona Mama Teddy akimpeleka mjukuu wake shule. Rose alikuwa mdogo kwake kwa umri.

Babu yako,
Wafula