Kapteni na Pale Peusi

Harieth, nimetua Mwanza sasa hivi.

Tukiwa juu ya Lamadi, kando ya ziwa, rada ikaonyesha mvua kubwa kwa rangi nyekundu, nyuma yake peusi kama pasipo na mvua. Kapteni Ferdinand akasema, "Tuzunguke tuingie pale peusi, hakuna kitu."

Hakuna kitu!! Nikamwambia, "Kapteni, mvua imeziba rada, haioni nyuma yake."

"Kwandu binti yangu, wewe ni rubani msaidizi. Tulia."

Binti! Mimi niliyekulia hapo chini na mvua za ziwa hilo! Nikakaza mkanda, tukaingia.

Mayu wane, mama yangu! Upepo wa mbele ukageuka wa nyuma ghafla, ndege ikaporomoka, abiria mayowe. Pale peusi palikuwa radi tupu.

Tumetua, anacheka: "Si tumepita?"

Ratiba imetoka. Kesho niko naye, njia ileile.