Buibui wa Mdalasini

Jumatatu, 1 Septemba
Kupakua mizigo tu. Juzi saruji ya Tororo, leo marobota ya mdalasini kutoka kwetu Tanga. Nilinusa kabla sijaambiwa. Nilibeba polepole makusudi, pua kwenye gunia.
Robota moja lilipasuka, akatoka buibui wa mti. Mkubwa kama kiganja, manyoya tele. Watu mbio. Wandera, ninayekaa naye chumba kimoja, akainua koleo. Nikamzuia. Nilimfunika kwa kikombe, nikapitisha kipande cha boksi chini. Hawa nawajua. Kule Amani, milimani kwetu, walikaa kwenye matundu ya miti, nyuma ya jiko la mama.
Nikimwachia hapa Busia atakufa. Hapa hakuna msitu, kuna malori.

Jumanne, 2 Septemba
Dukani nimepewa chupa ya peremende, ile ndefu ya plastiki yenye mdomo mpana. Nimetoboa ubavuni kwa msumari wa moto, matundu madogo asipenye. Udongo nimeukaanga kwanza, usilete siafu. Kisha nikailaza chupa. Kosa. Amejikunja pembeni kutwa. Huyu si wa chini.

Jumatano, 3 Septemba
Nimeisimamisha. Ndani, gome la mvule toka chini hadi juu. Matone ya maji ukutani. Alipanda papo hapo. Nimefurahi kama mtoto.
Mama Hadija, mwenye nyumba, kamwona. "Baba, mimi najua buibui ya kuvaa. Hii ya miguu nane ikitoka, wewe pia natoka." Wandera alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 5 Septemba
Amefuma juu kabisa, chini ya kifuniko. Nikifungua kumtilia mende, utando unachanika. Mende hamtaki.

Jumanne, 9 Septemba
Hali chochote. Tumbo limesinyaa. Wandera anasema, "Mtanga, bibi yako nakufa. Rudisha yeye kwao."
Nimekasirika. Kwao ni kwetu. Mimi mwenyewe sijafika huko mwaka wa nne. Nilikuja nikiwa utingo wa lori, tajiri akaliuza lori hukuhuku, nikabaki na mgongo wangu.
Saa hizi kule ukungu umeshuka. Mama anaanua iliki, anaimba ovyo, anakosea maneno. Mikono yake inanukia mpaka kwenye ugali. Nilikuwa naichukia ile harufu. Nilikuwa mjinga.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeelewa nikiwa na gunia kichwani. Kila jioni namvunjia nyumba. Mimi namwita mgeni, halafu nang'oa paa lake nimpe chakula. Nani angekula?
Nimekata kidirisha chini, karibu na udongo, kwa kisu cha magunia. Bawaba za waya. Kifuniko nimekizungushia utepe, sikigusi tena. Chupa nimeifunika kwa shati langu kuukuu, apate giza.

Jumatano, 17 Septemba
Utando mzima. Umekuwa mrija mweupe kutoka juu mpaka nusu ya gome. Yeye yumo ndani, simwoni. Mende bado anatembea. Naogopa. Sikufikiri nitaogopa kwa ajili ya mdudu. Wandera leo hakutania. Aliniletea panzi wawili ndani ya kopo, akaweka mlangoni, akaondoka. Nimewatia kwa kidirisha.

Jumapili, 21 Septemba
Mvua tangu asubuhi, hakuna kazi. Niliinua shati. Miguu miwili ya mbele imechungulia mdomoni mwa utando. Chini mende hayupo, panzi wamebaki mabawa tu. Amekula.
Nimempigia mama. Nimemweleza yote, chupa, gome, mlango wa chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za buibui. Aliuliza, "Na wewe, unakula?"
Nikasema ndiyo. Nikasikia kuku wake.
Nimeinjika ugali. Nimempikia Wandera pia.