Kiwiko cha Shemeji

Ugweno, Jumapili jioni, Agosti 1946

Sijui kama nilimsikia au sikumsikia.

Ulikuwa mchezo tu, baada ya ibada. Eliamini, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyenichokoza. "Shemeji, hebu tuonyeshe mieleka mliyojifunza jeshini."

Nikamwangusha, nikaubana mkono wake wa kulia katikati ya mapaja yangu, nikaunyoosha na kuinua kiuno. Jeshini, mtu akipigapiga chini unamwachia papo hapo. Nilisahau kumwambia hilo. Halafu mgongo wake ulikuwa umeshagusa ardhi, na kwa mieleka ya kwetu nilikuwa nimeshashinda. Sasa kwa nini niliendelea?

Kiwiko kikaalika.

Dresa wa zahanati amekirudisha na kukifunga. Anasema huenda mkono usinyooke tena sawasawa. Na kahawa yake ndiyo inaiva; ataichumaje?

Ninachoshindwa kuelewa ni Eliamini mwenyewe. Hakukasirika. Tulipokuwa wawili tu njiani, aliniambia taratibu, "Nilisema niachie, shemeji. Mara mbili. Lakini dada nitamwambia sikusema kitu."

Kwa nini anifichie? Ananionea huruma, au ananiogopa? Tangu nirudi vitani, watu wa nyumba hii wananiangalia kwa namna ambayo—

Nimekatizwa. Mke wangu ameingia, akaniuliza kama mdogo wake aliomba aachiwe. Nimemjibu, "Hakuomba." Sijui kama nimedanganya.

Amekaa karibu na mdogo wake, akamega ndizi, akaanza kumlisha.